Kuchagua mota za stepa na draiva za CNC ya kujitengenezea: anza na spidi, Nm baadaye

Kila anayeanza kujenga CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) anauliza swali lile lile, mota ya stepa, yaani ile inayozunguka kwa stepu ndogo ndogo, ya Nm ngapi (nyutoni-mita, kipimo cha torki au nguvu ya kuzungusha) inatosha? Na jibu analopewa mara nyingi ni chukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi hilo jibu silikubali. Mota kubwa ukiifunga kwenye draiva (kifaa kinacholisha mota umeme) dhaifu na volti kidogo inakuwa na nguvu ikiwa imesimama tu, ukiiambia ikimbie inaunguruma, inakwama, alafu unaanza kulaumu programu wakati programu haina kosa lolote.

Shida ni ile namba wanayoandika kwa maandishi makubwa kwenye tangazo. Hiyo Nm ni torki ya kushikilia, yaani nguvu ya mota ikiwa imesimama na umeme umejaa kwenye koili zote mbili. Sasa mashine yako haikati mbao ikiwa imesimama. Unachotaka kujua ni torki inayobaki mota ikizunguka kwa spidi utakayotumia, na hiyo huwa ni ndogo kuliko ile ya tangazo, wakati mwingine nusu, wakati mwingine robo, na ukizidisha spidi inabaki karibu sifuri.

Kwa nini inashuka? Koili haipendi umeme ubadilike ghafla, hiyo tabia ndiyo indaktansi, inapimwa kwa milihenri. Chukua mota ya kawaida ya milimita 57, ampia 2.8, milihenri 2.5. Ukiipa volti 24, umeme unahitaji karibu milisekunde 0.29 kupanda kutoka sifuri hadi ampia 2.8, na hapo hatujahesabu volti ambayo mota yenyewe inazalisha kinyume ikizunguka. Mota ya stepu 200 kwa mzunguko ikienda mizunguko 1000 kwa dakika, stepu moja inachukua milisekunde 0.3. Umeona? Umeme unafika juu stepu imeshaisha, kwahiyo mota inafanya kazi na njaa muda wote. Weka volti 48 na ule muda unakuwa nusu, mota ile ile, hujabadilisha chochote kingine. Ndiyo maana nasema volti na milihenri ni vitu vya kuangalia kabla ya Nm.

Kabla hujafika kwenye mota lakini, jua mashine yako inasogeaje. Kama unatumia skrubu, angalia lidi yake, yaani nati inasogea umbali gani kwa mzunguko mmoja. Lidi ya milimita 5 ukitaka kusafiri milimita 5000 kwa dakika mota lazima izunguke mara 1000 kwa dakika, lidi ya 10 inahitaji mizunguko 500 tu. Mkanda wa meno wa GT2 na puli ya meno 20 unasogea milimita 40 kwa mzunguko, kwahiyo milimita 6000 kwa dakika ni mizunguko 150 tu, mota haitoki hata jasho kwa upande wa spidi, ila stepu nzima moja ni milimita 0.2 na nguvu ya kusukuma ni ndogo. Ndiyo sababu mikanda ya moja kwa moja inafaa leza na kalamu kuliko kisu cha kukata alumini. Reki na pinioni (reli ya meno na gia ndogo) nayo ina shida hiyo hiyo, bila gia au puli ya kupunguza spidi utajuta.

Tufanye hesabu moja nzima ili uone namba zinavyokuwa. Ruta ya mbao (CNC ya kukata mbao), bolskrubu (skrubu ambayo nati yake ina mipira ndani) ya kipenyo cha milimita 16, urefu mita 1, lidi 5, gantri (daraja linalobeba mota ya kisu) ya kilo 15. Unataka isafiri milimita 5000 kwa dakika na iongeze spidi kwa milimita 500 kwa sekunde ya mraba. Watu wengi wanaogopa uzito wa gantri, lakini ukiuhamishia kwenye shafti kupitia lidi ya 5 zile kilo 15 zinakuwa inasha (ugumu wa kitu kuanza kuzunguka) ya kama gramu-sentimita-mraba 95 tu. Skrubu yenyewe ina kama 505! Na rota (sehemu inayozunguka) ya mota ya milimita 57 ya saizi ya kati ina karibu 300. Yaani mota inahangaika kujizungusha yenyewe na skrubu kuliko kusukuma gantri, na hapo ndipo unaelewa kwa nini kuweka mota kubwa zaidi mara nyingine hakuongezi kitu, rota kubwa ina inasha kubwa zaidi, sehemu ya nguvu uliyoinunua inaishia kuzungusha lile chuma lake lenyewe.

Jumla ni kama 900, na kuiongezea spidi kwa kiwango kile kunahitaji Nm 0.06 hivi. Kukata kwa nguvu ya nyutoni 100, ambayo kwa ruta ndogo ya mbao ni ya kutosha sana, kunahitaji Nm 0.09 kama bolskrubu ina ufanisi wa asilimia 90. Msuguano wa beringi, sili na reli tuweke 0.1. Ukijumlisha yote hata kama hayatokei kwa wakati mmoja unapata kama 0.25. Zidisha mara mbili kwa usalama kwa sababu stepa ikizidiwa haipunguzi mwendo, inaruka stepu na haikuambii. Tunapata Nm 0.5 kwenye mizunguko 1000 kwa dakika. Sasa hiyo ndiyo namba unayoenda nayo kwenye grafu ya torki ya mota. Muuzaji asiyekuwa na grafu, au mwenye grafu isiyosema ilipimwa kwa volti ngapi, mimi naruka naenda kwa mwingine.

Fomula ya nguvu ukitaka kuigeuza kwa mashine yako ni rahisi, torki ni sawa na nguvu mara lidi gawanya kwa 6.28 mara ufanisi, lidi iwe kwa mita. Skrubu za kawaida za T8 zenye nati ya shaba usiziwekee ufanisi wa 90, weka 30 hadi 40, hapo utaona torki inapanda haraka.

Kuhusu NEMA. NEMA ni chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme Marekani, na namba inayofuata ni saizi ya uso wa mota tu kwa sehemu za kumi za inchi. NEMA 17 ni kama milimita 42, NEMA 23 kama 57, NEMA 34 kama 86. Haisemi torki, haisemi ampia, haisemi chochote kuhusu ubora. NEMA 23 inaweza kuwa na Nm 0.6 au 3 kutegemea urefu wake. NEMA 17 inatosha mashine ndogo za kuchora, za bodi za saketi (PCB), leza na printa. NEMA 23 ndiyo mahali pa ruta nyingi za nyumbani, na kwa mfano wetu wa juu ile ya Nm 1.26 au ya 1.9 inatosha kabisa. NEMA 34 mimi naiona ni ya watu wanaobadilisha mashine nzito za chuma, kwenye ruta ya mbao inakuletea indaktansi kubwa, rota nzito, draiva ya volti 80 na bili, alafu inakwenda polepole kuliko 23. Angalia na shafti pia, NEMA 17 nyingi ni milimita 5, NEMA 23 zinakuja 6.35 au 8, usije ukaagiza kaplingi (kiunganishi cha shafti ya mota na skrubu) kabla hujapima.

Sasa kusoma karatasi ya mota. Mota mbili za saizi moja na torki moja, moja ampia 3 nyingine 1.5, ile ya 1.5 ina indaktansi karibu mara nne. Chukua ya ampia nyingi milihenri chache, maana draiva za siku hizi zinaweza kuilisha. Kuna kanuni ya mkato inayotumika sana kukadiria volti ya juu ya mota, 32 mara kipeuo cha pili cha milihenri. Kwa milihenri 2.5 inatoka kama volti 51, kwa 3.8 kama 62, kwa 10 ni zaidi ya 100, na hiyo ya 10 kwa draiva ya volti 50 hautaifikisha popote. Hiyo ni dari, sio lazima uifikie, ukipata asilimia 70 ya hapo uko vizuri. Ukizidisha kuliko hiyo kanuni mota inapata joto la bure kwenye chuma.

Na hapa kuna wanaochanganyikiwa, wanaona mota imeandikwa volti 2.5 wanashangaa mbona tunaipa 36, si itaungua? Haiungui, kwa sababu draiva zinakata umeme mara maelfu kwa sekunde kuhakikisha ampia hazizidi ulichoweka. Ile 2.5 ni ampia mara ukinzani wa koili tu, isahau.

Waya: chukua ya waya nne, imalize hapo. Waya nane ukiipata rahisi unaweza kuziunga sambamba, indaktansi inabaki ndogo na unahitaji ampia nyingi, au mfululizo, ampia kidogo lakini indaktansi mara nne. Sambamba ndiyo ya CNC. Waya sita unaacha zile za katikati wazi na kutumia za mwisho ukitaka torki kwenye spidi ya chini, au katikati na mwisho mmoja ukitaka spidi. Kutafuta koili bila mchoro, gusanisha waya mbili alafu zungusha shafti kwa mkono, ikiwa nzito ghafla umepata koili moja.

Tuje kwenye draiva. Vile vibodi vidogo vya kuchomeka, A4988 inakula volti 8 hadi 35 na kihalisia ampia 1 bila kupozwa, DRV8825 inafika 45 na kama 1.5 bila kupozwa, TMC2209 ni kimya sana lakini mwisho volti 29. Hivi ni vya NEMA 17, nukta. Mtu anachukua NEMA 23 ya ampia 2.8 anaiweka kwenye A4988 kwa volti 12, alafu anasema stepa hazina nguvu. Ukitumia A4988, kumbuka resista ndogo ya kupimia umeme inatofautiana bodi kwa bodi, 0.05, 0.068 au 0.1, na volti ya kurekebishia unaipata kwa 8 mara ampia mara hiyo resista, kwahiyo usikopi namba ya mtu mwingine.

Kwa NEMA 23 nenda kwenye draiva za boksi. TB6600 za bei rahisi zinatajwa volti 42 na ampia 4, mimi nisingeziendesha karibu na hapo, na ndani yake hujui utakuta chipu gani maana jina la nje na kilichomo mara nyingi havifanani. Ukiwa na hela kidogo zaidi chukua aina ya DM542, volti 20 hadi 50, ampia 4.2 za kilele, ni ya dijito na inapunguza ule mtetemo wa katikati unaofanya mota ya kwenye TB6600 ilie na kukwama spidi fulani tu wakati chini na juu yake inaenda sawa. Tofauti unaisikia kwa masikio siku ya kwanza. Kwa mota ya ampia 5 kuna DM556, na kama unalazimika volti 70 na kuendelea kuna za daraja la 860.

Jedwali la swichi kwenye hizi boksi lina safu mbili za ampia, kilele na RMS (aina ya wastani wa umeme), na hapa watu wanapotea sana. Kwenye DM542 ukiweka kilele 2.84 RMS yake ni 2.03. Mota ya 2.8 anza hapo, jaribu kazi, na kama inahitaji zaidi panda hadi 3.76 ambayo RMS ni 2.69, bado uko chini ya kiwango cha mota. Kuna swichi nyingine ya kupunguza umeme kuwa nusu mota ikisimama, iwashe, isipokuwa labda kwenye Z (eksisi ya kupanda na kushuka) inayobeba spindo (mota ya kisu) nzito. Na mota ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika kwa muda usishtuke, nyuzi 60 hadi 70 kwa stepa ni kawaida, insulesheni ya daraja B imetengenezwa kwa 130.

Maikrostepu, yaani kugawa stepu moja vipande vidogo. Watu wanaweka 32 au 64 wakidhani wanapata usahihi zaidi. Hupati. Unapata ulaini na kimya, lakini torki ya kusogeza kipande kimoja kidogo hivyo ni ndogo kiasi kwamba msuguano tu unakimeza. Na unaibebesha mzigo kontrola, yaani bodi inayotuma pulsi (ishara fupi, kila moja ni kipande kimoja) kwa draiva. Kwa 8 una pulsi 1600 kwa mzunguko, lidi 5 inakupa pulsi 320 kwa milimita, na kwenye mizunguko 1000 kwa dakika ni pulsi kama 26,700 kwa sekunde. GRBL, programu ya kontrola, kwenye bodi ya Arduino Uno mwisho wake ni kama 30,000. Ukiweka 32 umeshapita mbali na mashine itaishia robo ya spidi yako. Weka 8 au 10, endelea na maisha.

Pawasaplai. Usijumlishe ampia za mota zote. Draiva inakata umeme, kwahiyo ampia inazovuta kutoka kwenye saplai ni chache kuliko zinazopita kwenye koili, theluthi mbili ya jumla inatosha na hata huwa inabaki. Mota nne za 2.8 ni 11.2, theluthi mbili ni 7.5, saplai ya volti 36 wati 350 inatoa kama 9.7, mchezo umeisha. Ukitaka 48 kwenye draiva ya mwisho 50 ishushe kwa ile skrubu ndogo ya kurekebishia hadi 44 hivi, kwa sababu gantri ikifunga breki ghafla mota inageuka jenereta na kurudisha umeme, volti inapanda, na ile nafasi ya volti 2 haitoshi kuikoa draiva. Kila draiva ipate waya zake kutoka saplai, usizirushe kutoka moja kwenda nyingine.

Kufunga waya nitapita haraka ila mambo mawili usiyachezee. Usichomoe waya wa mota draiva ikiwa na umeme, hata ukiona mashine imesimama, draiva nyingi zimekufa hivyo. Na fremu yote iunganishwe na erthi ya umeme mkuu. Kebo za mota ziwe za ngao, ngao uifunge upande mmoja tu wa draiva, na uzitenganishe na kebo ya spindo. Ingizo za pulsi za draiva nyingi ni za volti 5, kontrola yako ikitoa 24 soma mwongozo kama draiva ina swichi au inataka resista ya kilo-omu 2. Eksisi ya Y yenye mota mbili ipe draiva mbili, sio kuunga mota mbili kwenye draiva moja.

Z pia iangalie peke yake. Bolskrubu haina kizuizi, umeme ukikatika spindo nzito inaweza kushuka yenyewe taratibu hadi kwenye kazi, na lidi ikiwa 10 inashuka kirahisi zaidi. Lidi ndogo, mota yenye breki au springi ya gesi, chagua moja.

Stepa za mzunguko fungwa zenye enkoda (kifaa kinachosoma shafti imezunguka kiasi gani) je? Ni nzuri, zinajua zikikosa stepu na zinasimamisha kazi kwa alamu badala ya kuharibu ubao mzima kimya kimya, na zinapoa zaidi maana zinavuta umeme kwa kadiri ya mzigo. Lakini haziongezi torki ya mota. Kama hesabu yako ilikuwa mbovu utakachopata ni alamu nyingi. Kwa mtu anayekata alumini au kazi za masaa mengi nazipendekeza, kwa mashine ya kwanza ya mbao ile hela mimi ningeiweka kwenye reli.

Ukishafunga, ipime bila kisu. Ongeza spidi ya eksisi moja kidogo kidogo hadi ikwame, shuka asilimia 30 hadi 40 chini ya hapo, kisha fanya hivyo hivyo kwa akselereshoni (kiwango cha kuongeza spidi). Alafu iandikie programu iende na kurudi mara mamia na uweke saa ya kupimia umbali (dial indicator) mwisho wa safari. Ikipotea kwa kurukaruka bila mpangilio, spidi au akselereshoni ni kubwa mno. Ikipotea kidogo kidogo upande mmoja tu, na kiasi kinalingana na idadi ya mara ilizogeuza mwelekeo, hiyo sio nguvu kabisa, ni pulsi iliyogeuzwa chanya na hasi au ishara ya mwelekeo inachelewa, DM542 inataka mwelekeo utangulie pulsi kwa mikrosekunde 5 hivi na pulsi yenyewe isiwe chini ya 2.5. Na ikiwa inaenda vizuri dakika kumi alafu inaanza kuteleza, kabla hujaagiza mota nyingine chukua kalamu uchore mstari unaopita kwenye shafti na kaplingi, iendeshe tena, na uangalie kama mstari bado umenyooka.